Kwa nini mimi? Kisa cha Mohamed Wa Baile na polisi wa stesheni ya Zürich

Saa 1 asubuhi mwezi wa Februari, Zürich bado ni giza. Baridi inakata, na stesheni kuu ya reli imefurika watu wanaoteremka treni hii wakiwahi ile. Kwa siku hupita humo zaidi ya watu 400,000. Alhamisi ya tarehe 5 Februari 2015, katika msongamano huo, askari wa doria wa polisi ya jiji walimsimamisha mwanamume mmoja aliyekuwa akienda kazini, wakamtaka kitambulisho.

Mwanamume huyo ni Mohamed Wa Baile, mkaazi wa Bern, mfanyakazi wa maktaba, raia wa Uswisi mwenye asili ya Kenya. Jina lake kamili ni Mohamed Shee Wa Baile, na msomaji wa Lamu au Mombasa akilisikia hilo "Shee" ataanza kuulizia mtaa na ukoo. Haikuwa mara yake ya kwanza kusimamishwa. Asubuhi hiyo aliamua imetosha. Alikataa kutaja jina, akakataa kutoa kitambulisho, na aliwaambia sababu: anasimamishwa kwa rangi yake. Askari wakampekua, yeye na mzigo wake, hadi wakakuta kadi yake ya bima ya uzeeni, ile ambayo Waswisi huiita AHV. Jina likapatikana. Wakamwachia aende zake.

Hapakuwa na kipigo wala pingu, na hakuna aliyelala rumande. Ukimsimulia mtu ambaye hajawahi kusimamishwa namna hiyo atakuuliza: sasa kesi iko wapi? Swali hilo ndilo lililozunguka mahakama za Uswisi kwa miaka, mpaka likapata jawabu Strasbourg, kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, tarehe 20 Februari 2024.

Tuanze na karatasi, maana kesi hii imeanza na karatasi na imeamuliwa kwa karatasi. Tarehe 26 Februari 2015, wiki tatu baada ya tukio, askari aliyehusika aliandika ripoti. Ndani yake alieleza kwamba alimwona mtu wa kiume, mwenye ngozi nyeusi, akamtilia shaka. Shaka ilitokana na nini? Mtu huyo aliyageuza macho alipomwona askari, na alitaka kumpita. Kwa hiyo askari akahisi huenda kuna kosa chini ya sheria ya wageni.

Soma tena polepole. Kuna mambo manne humo. La kwanza ni rangi, na imetangulia. La pili ni macho. La tatu ni kutaka kupita, jambo ambalo kila mtu stesheni hulifanya. Ukiacha wauza kahawa, sijui ni nani anayekwenda stesheni kwa nia ya kutopita. La nne ni hitimisho: huenda ni mgeni asiye na kibali. Ondoa lile la kwanza uone kama hitimisho linasimama. Mzungu mwenye koti zito, saa 1 asubuhi, ameyaepusha macho yake na ya askari na kuendelea na safari. Nani angewaza sheria ya wageni? Pengine angewaza kwamba mtu hajanywa chai.

Hilo la macho nalo lina mambo yake. Sisi tuliolelewa pwani tumefundishwa kwamba kumkazia macho mkubwa au mtu wa serikali ni utovu wa adabu. Unainamisha macho, unapita. Simsemei Wa Baile, sijui siku hiyo alikuwa akiwaza nini, na huenda hakuwaza lolote zaidi ya kazi iliyomsubiri. Ninachosema ni kwamba "ameyageuza macho" ni kipimo kisicho na mizani. Angemtazama askari usoni, ingeandikwa kwamba alimkazia macho kwa ukaidi. Angerudi nyuma, ingeandikwa kwamba alitaka kukimbia. Alama ya namna hiyo haimtambulishi mhalifu. Humpa askari neno la kuandika baada ya kwisha kuamua.

Na kuna la ziada ambalo wengi hawalijui kuhusu nchi ile. Raia wa Uswisi hana wajibu wa jumla wa kutembea na kitambulisho mfukoni. Polisi wakimzuia kihalali anapaswa kujieleza yeye ni nani, lakini hakuna sheria inayomlazimu kuwa na kadi kila atokapo nyumbani. Ina maana kwamba katika umati ule walikuwamo maelfu ambao, wangeulizwa, wasingekuwa na cha kuonyesha. Hawakuulizwa.

Tarehe 16 Machi 2015 ofisi ya jiji inayoshughulikia makosa madogo ilimtoza Wa Baile faini ya faranga 100, pamoja na gharama, kwa kosa la kutotii amri ya polisi. Faranga 100 kwa mtu mwenye kazi Uswisi si pesa ya kuuza ng'ombe. Angeweza kulipa na kusahau. Akakata rufaa.

Hapa ndipo kesi ilipogawanyika njia mbili, na bila kuzielewa njia hizi huwezi kuelewa kilichowafanya majaji wa Strasbourg wakunje uso.

Njia ya kwanza ni ya jinai. Humo Wa Baile ni mshtakiwa. Mahakama ya wilaya ya Zürich ilimtia hatiani tarehe 7 Novemba 2016. Mahakama kuu ya jimbo ikaunga mkono tarehe 25 Agosti 2017. Mahakama ya Shirikisho, iliyo juu ya zote, ikamfungia mlango tarehe 7 Machi 2018. Ngazi tatu, jibu moja. Lakini tazama swali lililojibiwa: je, askari alitoa amri, na je, mtu huyu aliitii? Ukiuliza hivyo, jawabu ni rahisi, maana mwenyewe hakukana kwamba alikataa. Swali la Wa Baile lilikuwa jingine: kwa nini mimi? Hilo liliguswa juu juu tu, na maneno ya askari kuhusu macho yakakubaliwa kuwa yanatosha.

Njia ya pili ni ya utawala. Huku Wa Baile ndiye mlalamikaji, anataka itamkwe kwamba ukaguzi wenyewe haukuwa halali. Ilikwenda mwendo wa kobe, kutoka ofisi hadi ofisi, mpaka tarehe 1 Oktoba 2020 mahakama ya utawala ya jimbo la Zürich ikasema: kweli, ukaguzi haukuwa halali. Mtu kuyageuza macho hakutoshi kumzuia. Ushindi? Ndiyo, nusu yake. Kwa sababu baada ya kusema hivyo, mahakama iliongeza kwamba haina haja ya kuamua kama rangi ya ngozi ndiyo iliyosababisha. Kwa kuwa ukaguzi umeshakuwa haramu kwa sababu nyingine, suala la rangi liachwe wazi.

Wa Baile akapanda tena Mahakama ya Shirikisho kutaka suala hilo lililoachwa wazi lifungwe. Tarehe 23 Desemba 2020 akaambiwa hawezi kusikilizwa, kwa kuwa huko chini ameshinda. Mtu aliyeshinda anakata rufaa ya nini?

Ningekuwa mwalimu wa sheria ningewapa wanafunzi sehemu hii peke yake waichambue wiki nzima. Upande mmoja mtu alikuwa na hatia ya jinai, iliyothibitishwa hadi mahakama ya juu ya nchi, kwa kukataa ukaguzi. Upande wa pili ukaguzi huo huo umetamkwa kuwa haukuwa halali. Vyote viwili vimetoka katika mfumo mmoja wa nchi moja, na katikati yake swali la rangi limepita bila kuguswa, kama maji yanavyopita kati ya mawe mawili. Kila mahakama ilikuwa na sababu nzuri ya kisheria ya kutolijibu. Sidhani kama kulikuwa na jaji aliyekaa akapanga njama. Ubaguzi wa namna hii hauhitaji njama. Unatosha utaratibu ambao kila ofisi inajibu swali lake dogo vizuri kabisa, na swali kubwa halina ofisi.

Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilizisikiliza njia zote mbili pamoja na kutoa uamuzi kwa kauli moja. Ilikuta Uswisi imevunja katazo la ubaguzi, kifungu cha 14 cha Mkataba wa Ulaya, likisomwa pamoja na haki ya maisha ya faragha, kifungu cha 8. Ilivunja mara mbili, kwa maana tofauti. Kwanza, mahakama za ndani hazikuchunguza ipasavyo kama sababu za kibaguzi zilichangia. Pili, ukaguzi wenyewe uliacha dhana ya ubaguzi ambayo serikali ilishindwa kuiondoa. Kisha ikaongeza kifungu cha 13: hakupata njia ya kweli ya malalamiko yake kusikilizwa.

Hiyo ya pili, ya dhana ya ubaguzi, ndiyo nzito. Katika kesi za kawaida anayedai ndiye anayethibitisha. Lakini nani awezaye kuthibitisha kilichokuwa kichwani mwa askari? Hakuna rekodi ya sauti ya mawazo. Kwa hiyo mahakama ya Strasbourg huangalia dalili, na zikifika uzito fulani, jukumu la kuthibitisha linahamia kwa serikali: haya, tueleze wewe, kama si rangi, ilikuwa nini? Hapa dalili zilikuwapo. Kulikuwa na ripoti ya askari mwenyewe. Kulikuwa na hukumu ya mahakama ya utawala kwamba hapakuwa na sababu ya msingi ya kumzuia. Kulikuwa na taarifa za vyombo vya kimataifa vilivyokuwa vikionya kuhusu tabia hii katika polisi ya Uswisi. Na kulikuwa na upungufu wa kanuni na mafunzo ambayo yangewaongoza askari. Serikali ilipoulizwa ilikuwa nini, haikuwa na kitu cha kuweka mezani.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mahakama ilikiri kwamba askari wa doria huamua kwa haraka, mara nyingi bila maelekezo yaliyo wazi. Lawama haikumwangukia askari huyo peke yake. Sehemu kubwa ilikwenda kwa dola iliyompa sare na mamlaka ya kusimamisha watu bila kumfundisha aache nini nyumbani. Naona hilo ni sahihi. Ukimfukuza askari mmoja, kesho yake mwingine atasimama pale pale karibu na ngazi, ataona umati ule ule, na jicho lake litamvutia kwa mtu yule yule.

Kwa upande mwingine, asidhani mtu kwamba ushindi huu ulikuwa umeandikwa. Tarehe 18 Oktoba 2022 mahakama hiyo hiyo ilitoa hukumu mbili zinazofanana kwa mbali na hii. Katika kesi ya Basu dhidi ya Ujerumani, baba na bintiye walikaguliwa ndani ya treni iliyotoka mpakani mwa Jamhuri ya Czech, naye akasema ni kwa rangi yao. Alishinda, lakini kwa sababu Ujerumani haikufanya uchunguzi huru. Kama kweli ubaguzi ulitokea, mahakama ikasema haiwezi kujua. Katika kesi ya Muhammad dhidi ya Hispania, mtu wa asili ya Pakistan aliyesimamishwa mtaani Barcelona alishindwa, majaji wanne kwa watatu. Kura moja tu. Tofauti kubwa kati yao na Wa Baile naiona katika karatasi: huku askari alikuwa ameandika.

Stesheni za reli zina historia yake katika jambo hili. Tarehe 6 Desemba 1992, Rosalind Williams Lecraft, raia wa Hispania mzaliwa wa Marekani, aliteremka treni Valladolid akiwa na mumewe. Polisi walimwendea yeye peke yake, kati ya abiria wote, wakamtaka kitambulisho. Mwaka 2009 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilimpa haki yake, ikisema rangi ya mtu haiwezi kuwa ushahidi kwamba yuko nchini kinyume cha sheria. Miaka 17 alisubiri. Zürich 2015 ilikuwa baada ya uamuzi huo, na askari bado aliunganisha ngozi na sheria ya wageni.

Nirudi sasa kwa rai ambayo kila aliyeishi Ulaya ameisikia, na wengi wetu tumeitoa kwa nia njema: toa kitambulisho, yaishe. Usibishane na polisi. Una watoto, una kazi, unachelewa. Wazee wetu walivaa kipande, hati ya utambulisho ya lazima, shingoni enzi za mkoloni Kenya, na wajukuu wao huko pwani na Kaskazini Mashariki wamekwenda kuomba kitambulisho wakaambiwa walete cha babu. Kwa hiyo hakuna wa kutufundisha maana ya kuombwa karatasi na mtu mwenye sare. Tumejifunza kutoa haraka na kupita. Ni hekima ya kuishi, siibezi.

Lakini fikiria kingetokea nini Wa Baile angeifuata. Angetoa kadi, askari angeitazama, angesema asante, siku njema. Dakika moja au mbili. Hakuna ripoti, kwa sababu ukaguzi usio na tatizo hauna haja ya kuandikiwa maelezo marefu. Na bila ripoti, hakuna neno "ngozi nyeusi" kwenye karatasi ya serikali, hakuna "ameyageuza macho", hakuna "sheria ya wageni". Mwaka 2016 angesimamishwa tena, na 2017 tena, na akilalamika angeambiwa ni hisia zake.

Ripoti ile iliandikwa ili apigwe faini. Jiji lilihitaji maelezo ya askari ili kumwadhibu mtu kwa utovu wa utii, na maelezo hayo hayo ndiyo yaliyokwenda kuitia nchi hatiani Strasbourg. Sioni njia nyingine ambayo ushahidi ule ungepatikana. Kati ya visa vyote vya siku moja katika stesheni moja, vinavyoacha alama kwenye faili ni vile tu ambavyo mtu amekataa, na wanaokataa ni wachache mno.

Na si kila mtu anaweza kukataa. Hili linasahaulika tunapomsifu. Wa Baile ni raia. Hata angeshindwa ngazi zote, hapana wa kumfukuza Uswisi. Kijana wa Kieritrea mwenye kibali cha F, cha mtu aliyepokelewa kwa muda, au Mkongo mwenye kibali cha N anayesubiri ombi lake la hifadhi, anajua kwamba kila kosa linaloandikwa laweza kurudi siku ya kuomba kibali bora. Hata mwenye kibali cha B, cha ukaazi, hufikiria mara mbili. Wanaosimamishwa zaidi ndio wasioweza kukataa, kwa hiyo mahakama zitaendelea kuona visa vichache sana kuliko vilivyopo, na wapinzani wataendelea kusema: mbona malalamiko ni machache?

Wa Baile hakuwa peke yake, na hili lina uzito katika kueleza kwa nini alifika mwisho. Mwaka 2016 wanaharakati, wasomi na watu waliowahi kusimamishwa waliunda umoja wa kupinga ukaguzi wa rangi, Allianz gegen Racial Profiling. Kesi ya faini ya faranga 100 ikawa kesi ya watu wengi. Sijui mtu mmoja anayeweza kubeba ngazi zote hizo kwa mshahara wake na mishipa yake.

Dai linalotajwa mara nyingi baada ya hukumu kama hii ni stakabadhi. Kila anayesimamishwa apewe kikaratasi: saa, mahali, jina au nambari ya askari, sababu ya kusimamishwa. Wanaopinga husema ni urasimu, kwamba askari atashinda anaandika badala ya kulinda watu. Mimi naona ubishi huo unathibitisha kinyume chake. Kama kuandika sababu ni kazi kubwa, basi huenda sababu haikuwapo. Askari mwenye sababu huiandika kwa mstari mmoja: amefanana na anayetafutwa, ameonekana akipokezana kitu, ametajwa na shahidi. Yule wa stesheni ya Zürich naye aliandika mstari wake, wiki tatu baadaye.

Mpaka stakabadhi zije, anayesimamishwa na hana ubavu wa kukataa anaweza bado kufanya kitu. Toa kitambulisho, lakini uliza sababu kwa sauti ambayo wa pembeni wataisikia. Tazama saa. Shika nambari ya askari ikiwa inaonekana. Ukifika kazini, kabla ya chai, andika yote kwa tarehe: walisema nini, ulijibu nini, nani mwingine alikuwa akipita na hakuulizwa. Mtumie rafiki ujumbe ule ule ili uwe na muhuri wa saa. Kisha tafuta kituo cha ushauri cha mji wako kinachopokea visa vya ubaguzi, karibu kila mji mkubwa unacho, ukaandikishe kisa chako hata kama huna nia ya kushtaki.